Siku Nilikataa Rangi Nyeusi mu Mtihani

Mucheke tu, benzangu, na mi najicheka leo, lakini ile siku nilitaka ardhi ya Kamalondo, mtaa yetu, ipasuke inimeze muzima.

Mi niko mwalimu wa couture (kushona ba robe, ba uniforme, bitu bya vile), si muntu wa ordinateur, ya kompyuta. Lakini ule mwaka vita ilikuwa inaunguza Goma, huku kwetu mavurugu ikafika mpaka mu centre yetu ya kufundishia, bantu bakabeba mashini, bakabeba na milango, basi Papa Directeur, mukubwa wa centre, akasema masomo itapita ku internet, kila mama na telefone yake, na mi njo nitaandika maulizo ya mtihani ya mwisho.

"Madame Béa," akaniambia, "maandiko ibakie nyeusi. Mama Zawadi haone muzuri."

Mama Zawadi alikimbia Goma na batoto batatu, bwana yake alibaki kule mu kaburi. Macho yake ni dhaifu, lakini mikono yake, acha tu! Atelier moya ya kushona kule Naviundu ilimuahidi kazi, bora alete cheti ile wiki. Yote ile nilijua. Sasa, nikafungua fasi ya kuandikia, nikakuta kisanduku cha rangi (eh, kama duka ya pagne, ya bitenge!), roho ikaniambia: Béa, nyeusi ni ya kilio, na bilio imetosha mwaka huu, patia bamama kintu ya furaha. Nikapiga maandiko yote jaune ya ndizi mbivu, juu ya nyeupe. Kukatokea ka onyo kadogo, eti rangi hii bengine hawataisoma. Nani alikauliza? Nikakafunga. Mu nyumba, rido ya dirisha imefungwa, telefone inawaka kabisa, niliona iko muzuri sana.

Siku ya mtihani tukakusanyika mu parcelle, kiwanja ya nyumba ya Directeur, pembeni ya barabara, juu kwake njo kulikuwa jenereta na connexion ya internet. Jua kali. Na bamama bote, vile courant ya umeme inakatikaka, balishusha mwangaza ya telefone juu batri isiishe. Mtihani ikafunguka. Mama moya akaniuliza:

"Madame, maulizo iko wapi?"

"Si iko mbele yako! Angalia muzuri," nikajibu na kiburi yote ya mwalimu.

Basi mama moya akajifunika kitenge, kichwa na telefone pamoja, apate kivuli, bengine bakafwata, mpaka parcelle muzima ni bamama bamejifunika, bameinama, banalalamika "Yesu wangu, Yesu wangu," na mi katikati nimesimama mikono ku kichwa. Wee! Bantu benye balikuwa banapita mu barabara bakaanza kuvua kofia. Papa moya akaingia, akanishika mukono: "Pole, mama. Ni nani amekufa?" Mbele nijibu, bamama ba jirani nao bakaingia na machozi tayari, mumoja akajitupa chini (hajui hata anamulilia nani!), Directeur akatoka mu nyumba mbio, anauliza ni mwanafunzi gani tumepoteza.

Kicheko ilinifika mu koo, njo nikamuona Mama Zawadi. Yeye hakujifunika. Alishika telefone karibu na pua, machozi inashuka, na mtihani inajifunga saa sita. Nikasikia aibu ya kweli.

Nikarudi mbio mu kile kisanduku cha rangi ku telefone yangu, nikafunga, nikafungua, mu lile jua na mi mwenyewe sione hata neno moya. Ikabidi niseme mbele ya bote, na ya bale ba kilio: "Mama Zawadi, unisamehe. Nilikataa nyeusi juu ni rangi ya kilio."

Akapangusa macho.

"Madame, mi nyeusi navaa kila siku. Weka tu, nisome."

Nikaweka. Directeur akasogeza saa ya kufunga, bale ba kilio bakabaki bakaomba chai, na Mama Zawadi akajibu yote, akapata cheti, wiki ileile akaanza kazi Naviundu. Mi niliapa: siku nyingine, mbele nimuchagulie muntu kintu ya kumufurahisha, namuuliza yeye kwanza.