Ngumi ya Mwokaji Mikate

Siku mwokaji mikate alipomtoa mwalimu wake wa karate damu puani, mtaa mzima ulimpongeza. Kinyozi wa duka la jirani, mdogo wa mumewe, alizima mashine, akamwacha mteja na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, akatoka nje kumpigia makofi.

"Shemeji, umemlaza mwalimu! Kuanzia leo kaka yangu atakula kwa adabu!"

Mwokaji hakucheka. Alipita hadi nyuma ya duka lake, akaketi juu ya gunia la unga, akalia. Mtihani wa mkanda wa kahawia ulitaka ngumi itoke kwa nguvu zake zote kisha isimame upana wa kidole mbele ya pua ya mtu. Yake ilikuwa imefika puani, tena kwa mara ya pili. Mwalimu, fundi bomba mwenye sauti ya upole, alikuwa amejiziba pua kwa taulo na kumwambia bila hasira, "Mama, ukimgusa mtu tena, utakuwa unafanya mazoezi na ukuta. Siwezi kumsimamisha mtu mbele ya mkono usiomsikia mwenyewe."

Ukuta hakuutaka. Mchana kutwa alikuwa akitazamana na tanuri. Jioni, katika ukumbi wa mazoezi wenye sakafu ya mbao, ndipo mtu mzima mwenzake aliposimama mbele yake, akainama kwa heshima, akamtazama machoni bila kumuuliza kama mkate ni wa leo au wa jana.

Lakini hilo nani angelielewa? Watu wana maelezo mepesi kuhusu karate: ni mateke, ni matofali kuvunjwa, ni makelele. Waliosoma kidogo husema ni mchezo, kisha hunyunyizia neno "nidhamu" juu yake kama chumvi wasiyoipima. Na anayejifunza akiwa mwanamke, tena mwenye ndoa na kiuno kipana, udadisi wote hukomea kwenye swali moja: anataka kumpiga mumewe? Hakuna aliyewahi kumuuliza kinyozi kama alinunua nyembe ili amchinje mkewe.

Mumewe, fundi wa makochi, alilijibu swali hilo huku misumari imejaa mdomoni. "Mimi ananimaliza kwa kuninunia tu. Karate ya nini?"

Ni huyu mume aliyegundua kasoro ilikuwa wapi. Alfajiri moja alisimama mlangoni akimtazama mkewe akishindilia unga uliokwisha kuumuka. Ngumi ilishuka, ikazama, ikagonga meza.

"Mke wangu," alisema, "hivi mwalimu wako ana sura ya donge?"

Mwokaji alisita, mkono ungali ndani ya unga. Tangu usichana wake mkono huo ulifundishwa kwamba safari huishia chini. Ngumi inayosita njiani huacha hewa ndani ya unga, na mkate hutoka na mashimo. Ukumbini mkono ulikuwa ukifanya kazi yake kwa uaminifu, isipokuwa donge lilikuwa na pua.

Basi wakaanza upya juu ya donge lile lile. Mwokaji alirusha ngumi, na mumewe, shavu limelazwa mezani, alichungulia kama hakimu.

"Umegusa."

"Sijagusa!"

"Nionyeshe vidole. Hivi vifundo vyeupe vimepakwa poda na nani?"

Mikate ikaanza kuchelewa. Kinyozi akaja kuulizia chai yake itashushwa na nini. "Shemeji, huo unga mnaukanda au mnauombea?"

Siku hiyo ngumi ilizama hadi kwenye kiwiko. Mwokaji akagundua jambo. Akimfikiria shemeji yake, au yule mteja anayebonyeza kila mkate kisha asinunue, mkono haukusikia la mtu. Asipomfikiria yeyote, ulisimama wenyewe. Kumbe muda wote huo si mkono tu, yeye mwenyewe alikuwa na hamu ya kufika.

Siku ya mtihani alipangiwa karani wa benki, kijana mwenye vazi lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Waliinamiana. Ngumi ya mwokaji ilitoka, ikasimama mahali pake. Ikaja zamu ya karani, na kwa woga wake akashindwa kuizuia ngumi yake. Mwokaji aliisikia pua yake ikilia, kisha joto likishuka mdomoni.

Zamu ikarudi kwake.

Karani alifumba macho. Kila kilichokuwa ndani ya mwokaji kilitaka kufika: shemeji na makofi yake, swali lile la kumpiga mumewe, miaka yote ya tanuri. Akavuta pumzi yenye ladha ya damu. Ngumi ikatoka kwa nguvu zote, ikasimama. Akaiacha pale pale, imetulia, hadi kijana alipofumbua jicho moja, kisha la pili.

"Inatosha," alisema mwalimu, akamfunga mwokaji mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Karani alielekezwa ukutani.

Mashine ya kinyozi ilizimwa tena.

"Pole sana, shemeji! Kumbe leo umepatikana. Nani huyo, twende tukamtafute?"

"Nimefaulu," alisema mwokaji, pua imeumuka.

"Yaani upigwe, halafu uzawadiwe mkanda? Mchezo gani huo?"

Mumewe hakuuliza kuhusu pua. Alimshika mkono wa kulia, akaugeuza kwenye mwanga, akakikagua kifundo kimoja kimoja. Vilikuwa safi.

"Hajagusa," alimwambia mdogo wake.

Mwokaji alikwenda nyuma ya duka. Unga ulikuwa umeumuka hadi ukafurika beseni. Akaumimina mezani, akakunja mikono ya vazi lake, akarusha ngumi, na safari hii akaiacha iende hadi mezani.