Shemeji Alitwanga Jiwe Langu Akitafuta Dhahabu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana familia ya mume wangu inafuata ukurasa huu.

Nina miaka 36, ni mama wa watoto watatu, ninaishi hapa Bunia. Ninatengeneza hereni na vidani kwa alminiamu ya sufuria kuukuu. Umbo lake ni la konokono wa zamani sana, aliyegeuka jiwe. Jiwe hilo nililiokota na marehemu baba kwenye mteremko mmoja upande wa ziwa. Nalikandamiza kwenye mchanga laini, nalitoa, halafu namimina alminiamu iliyoyeyuka kwenye alama yake. Kila hereni niliyouza imetoka kwenye jiwe hilo moja.

Mwezi uliopita nilipeleka bidhaa Ariwara. Niliporudi nilimkuta kaka mkubwa wa mume wangu, mchimba dhahabu, amechuchumaa uani na kinu chake cha chuma. Jiwe langu lilikuwa unga. Alikuwa akiusafisha kwenye beseni langu la vyombo.

"Shemeji, usikasirike," aliniambia. "Ile jiwe ilikuwa inangaa. Siye batu ya kariere, kwa machimbo, jiwe ya kungaa tunatwangaka kwanza."

"Na umepata nini?"

"Bado. Pengine zahabu iko chini zaidi."

Nilikasirika. Nikamjibu mbele ya wageni wake: "Weye miaka yote unatwanga mawe, haujapata hata ya kuziba jino!" Wageni walicheka. Yeye aliondoka bila kula.

Mume wangu hakuuliza habari za jiwe. Alisema, "Mama Furaha, unatukana mukubwa yangu juu ya jiwe? Mawe itaisha Ituri?"

Nilimweleza kwamba bibi harusi mmoja ameagiza jozi kumi na mbili za wasimamizi wake. Nimejaribu kukandamiza hereni ya zamani mahali pa jiwe. Mistari ya konokono inafifia, na nikirudia, inabaki kama kifungo cha koti. Wateja wameona. Mmoja alinirudishia.

Katika ukoo wao, mke akimtukana kaka mkubwa wa mumewe, anapeleka kuku na kuomba msamaha mbele ya wazee. Nilikubali, kwa sababu maneno yangu yalikuwa mabaya. Jumapili nilipiga magoti na kuku mkononi. Shemeji hakumpokea.

"Kuku peke yake haitoshe," alisema. "Utuonyeshe kwenye baba yako aliokota ile jiwe. Tutachimba pamoja, kifamilia."

Wazee wakaitikia. Mume wangu akaitikia. Nikasema nimesahau mahali. Nilidanganya, na wote walijua.

Kuku nilirudi naye nyumbani. Tangu siku ile mume wangu hanisemeshi, chakula anaenda kula kwa mama yake. Ametuma ujumbe kupitia mtoto: nikionyesha mahali, yameisha.

Konokono wengine bado wako pale, wameshikamana na mwamba. Ninahitaji mmoja tu, na ninajua namna ya kumtoa bila kumvunja. Wao wataenda na nyundo, na nimewaona wakifanya kazi: hawaachi jiwe zima. Nikienda peke yangu, watanifuata. Shemeji ameshawaambia watu wa pikipiki wampigie simu wakiniona naelekea ziwani.

Mlioolewa kwenye familia za wachimbaji, nisaidieni mawazo. Niwaonyeshe ule mteremko nipate ndoa yangu, au ninyamaze nibaki na kuku wao?