Nyumba ya Mama Wawili

Mama alinipigia simu nikiwa sokoni Mpanda, akaniambia jirani yetu wa Litapunga amefariki, yule mama mrefu mwenye majaruba ya mpunga. Kisha akashusha sauti. "Njoo leo leo. Huku si kuzuri." Nikajua hazungumzii msiba peke yake.

Ngoja nikwambie kwanza palivyokuwa. Ng'ambo ya uzio wetu wa michongoma walikaa wanawake wawili. Mmoja ndiye huyo mama mrefu, Mpimbwe wa hapo hapo, mjane ambaye hakutaka kuolewa tena. Mwenzake alitoka Kapalamsenga akiuza migebuka mikavu, samaki wa ziwani, akafikia kwake msimu mmoja wa mvua, asirudi tena ziwani. Walilima pamoja, wakala sahani moja, wakalala chumba kimoja. Sisi watoto tuliwaita mama wote wawili, na kwao tulishinda kuliko kwetu.

Mpunga ukikaribia kukomaa tulipelekwa kuamia ndege. Tulipiga madebe na kupayuka tangu umande ungali majanini, mpaka sauti zikauke. Jua likipanda, mama wa samaki alituletea ugali na mchuzi wa mgebuka uliotiwa karanga, tukala tumekalia tuta, miguu ndani ya maji. Jioni mama mrefu alipepeta, pumba zikimrukia kichwani, na mwenzake akizitoa moja moja huku wakichekeana. Bibi yangu aliwaona, kama kijiji kizima kilivyowaona. Siku moja nilimuuliza mbona nyumba ile haina baba. Akaendelea kuchambua kisamvu chake. "Wale wameshibana," akasema. "Kalete maji." Yakaishia hapo.

Mama wa samaki alikuja na neno lake kutoka ziwani: kila mwanamke alimwita shoga, kwa maana ya rafiki yake. Shoga yangu umeamkaje, shoga yangu njoo uonje. Bibi naye akalizoea. Miaka hii ya karibuni neno lile lilirudi kijijini na sura nyingine, kwenye redio, kwenye mahubiri, kwenye video ambazo vijana wanarushiana. Watu ambao hawakuwahi kuuliza wakaanza kuuliza. Mama alinisimulia kwamba wanawake bombani waliacha kuitikia salamu za mama wa samaki, na yeye akaacha kulitamka neno lile, mwisho akaacha kuja bombani kabisa.

Nilipofika msibani nilimkuta mama wa samaki jikoni nyuma, kwenye moshi, wakati wafiwa wako ndani. Aliyemwondoa kwenye mkeka ni mtoto wa kaka wa marehemu, kijana anayeishi mjini. Alikuwa amewaambia wazee kuwa hataki aibu kwenye msiba wa shangazi yake, na kwamba yule mwanamke akisogelea kaburi, atamtangaza mbele ya watu alivyo. Vijana wengine walisimama kando ya turubai, simu mkononi. Watu walikuwa wanaongea kwa chini mno. Nilikaa naye jikoni nikamsaidia kukoroga maharage.

Makaburini msemaji aliita ndugu waje kutia udongo. Wakaja kaka, watoto wa kaka, wajukuu. Mama wa samaki alisimama nyuma kabisa ya watu, kajiziba mdomo kwa khanga. Msemaji akataka kufunga. Hapo mama yangu akamshika mama wa samaki mkono, wakaanza kupita katikati ya waombolezaji. Yule kijana akawasimamia mbele.

"Tumesema familia."

"Hata mimi siyo familia," mama akamjibu. "Sisi ni majirani. Nyie mmeshazika, tuacheni na sisi tuzike."

Simu zikainuliwa. Kijana akamgeukia katekista aliyeongoza ibada amsaidie. Katekista aliinamisha uso akitazama kaburi, kisha akasogea pembeni kuwapisha. Mama wa samaki akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili, akautia taratibu. "Haya, mwenzangu," akasema. Mama akatia wa kwake. Hakuna mwingine aliyewafuata ila mimi, nami nilichelewa.

Matanga yalipoisha, kijana alibadilisha kufuli la nyumba ile. Mama wa samaki akarudi Kapalamsenga kwa watoto wa dada yake, na kifurushi cha nguo na ungo mmoja. Waliomsindikiza kituoni ni mama na mimi.

Mwezi uliofuata zamu ya kusali jumuiya ilikuwa nyumbani kwetu. Nilikwenda kumsaidia mama. Tulitandika mikeka, tukapika wali na kuku, tukangoja. Alikuja katekista peke yake, akasimama mlangoni, akasema kwa shida kwamba wenzake wameamua kusali nyumba nyingine. Mama alimkaribisha, akampakulia, tukasali watatu, tukala. Chakula kilichobaki tulikula hadi kesho yake.

Siku hizi ng'ambo ya uzio kuna mpangaji mpya, mwanamke mdogo na watoto wake. Mama huwa anawasalimia, haongei habari za waliokuwa pale, na mpangaji hamuulizi. Sisemi kuwa zamani watu walikuwa wema zaidi. Nafikiri wapo waliochukizwa hata wakati ule. Lakini kimya cha utotoni mwangu kilimwacha mtu akae kwake kwa amani. Hiki cha sasa ni cha watu wanaoogopana, na mama yangu anazeeka ndani yake.