Aliyeuliza kwa Sauti

Nakiri kosa langu: dada yangu alipokosa usingizi wiki tatu, akawa anasemeshana na ukuta, nilimnywesha kombe tu, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani. Hospitali nilikataa, nikiogopa macho ya watu.

Juzi, nikingoja dawa yangu ya presha hospitalini, mama mmoja aliingia kamshika mkono binti yake, akauliza kwa sauti, "Daktari wa akili yuko chumba gani?"

Bibi mmoja kwenye benchi akamvuta buibui. "Sema taratibu, mwanangu. Nani atamuoa?"

"Bibi, wiki ya pili chakula hagusi, asikia sauti za watu wasiokuwepo. Kombe kanywa, dua twaomba, na leo atapimwa. Mchumba wa kukimbia na akimbie."

Walipotoka kwa daktari, yule mama akaliambia benchi zima: "Kaulizwa usingizi, chakula, na hizo sauti zasemaje. Hakufungwa kamba."

Wangu nilimchelewesha. Wako akiwa hivyo, tafadhali, mpeleke kesho asubuhi.