Wimbo Uliopanda Harusini na Ndagala

Feruzi wa Rumonge ni fundi cherehani kwa kazi na mwimbaji kwa imani. Wimbo wake wa mapenzi aliuweka mtandaoni, kama alivyofundishwa kwenye semina Bujumbura. Baada ya miezi miwili ulikuwa umesikilizwa mara arobaini na moja, nyingi kati ya hizo na mama yake.

Ndipo Kadidja, muuza ndagala, yaani dagaa, wa sokoni, akaomba kukirekodi kiitikio kwenye kipaza sauti chake, ambacho hurudia tangazo lilelile kutwa nzima. Mwishoni Kadidja mwenyewe alidakia: “Ndagala za leo, karibuni!”

Wiki tatu baadaye, watu wa Kigwena wakamwita Feruzi aimbe harusini. Ilikuwa harusi yake ya kwanza, na alijua kuwa akiharibu hapo, atabaki na suruali za watu maisha yake yote. Akaimba vizuri. Kiitikio kilipoisha, ukumbi mzima, bibi harusi akiwemo, ukaitikia: “Ndagala za leo, karibuni!”

Feruzi akakatiza wimbo.

“Mbona unasimama, kaka?” akasema mjomba wa bwana harusi. “Endelea, iko tamu!”

Akaendelea, na mara ya pili ndagala akazitaja mwenyewe. Akaondoka na mialiko ya harusi mbili nyingine.

Kesho yake alifika sokoni mapema.

“Amahoro, dada Kadidja. Nimeleta wimbo mupya.”

“Unahusu nini?”

“Kifo cha baba yangu.”

Kadidja akausikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

“Huu si wa ndagala,” akasema. “Iko na heshima. Tutauzia samaki mukubwa.”