Miguu ya Nyuma ya Ngamia

Harun alikuwa anaogopa, tusifichane. Miaka thelathini, kila arusi hapa Altiuli, kijiji chetu Wasalari huku Uchina, yeye ndiye aliyemwongoza ngamia wa mchezo: kilemba cheupe, kamba mkononi, na nyuma yake wanaume wawili wamejifunika koti la manyoya. Mtu mwingine hujifanya Mmongolia, akamwuliza wametoka wapi. Harun hujibu kwa Kisalari, mji kwa mji, jinsi wazee wetu walivyokuja na Kurani, udongo na maji ya kwao, hadi ngamia alipogeuka jiwe penye chemchemi.

Wengine waliojua majibu hayo tumeshawazika. Amebaki yeye, na tangu Ramadhani maneno yalikuwa yanamponyoka. Juzi chumvi aliiomba kwa kidole, akamdanganya mkewe Hatija kwamba koo linamwasha. Angemwambia nani? Wajukuu, wanaoota kwa Kichina?

Siku ya arusi ya binti wa jirani, alifunga kilemba tangu alfajiri. Ua ulijaa pomoni. Miguu ya nyuma, kama kawaida, ilikuwa shemeji yake Zakaria, mchinja kondoo, na Harun akamtania kwa mazoea kwamba huko nyuma ndiko saizi yake.

Mmongolia akauliza, "Mmetoka wapi nyinyi?"

Harun akafumbua kinywa. Hamna kitu! Akaulizwa tena. Watu wakaacha kutafuna.

Ndipo ngamia akajibu.

"Tumetoka Samarkandi," ilisema sauti ya Zakaria chini ya koti.

Watu wakaangua kicheko, maana tangu lini ngamia akasema? Zakaria hakujali, akataja na mji wa pili. Mtu aliyeinamishwa gizani miaka thelathini ana kazi gani nyingine, kama si kusikiliza? Kisha akachomoza kichwa, akamwona Harun ameduwaa.

"Shemeji, una nini?"

"Yameniishia, Zakaria. Shika kamba wewe."

"Na huku nyuma?"

"Naingia mimi."

Chini ya koti palikuwa na joto na harufu ya kondoo. Harun akamshika kiuno yule wa mbele, akaanza kutembea. Nje, Zakaria alitaja jangwa, akataja mlima, neno kwa neno kama Harun mwenyewe alivyokuwa akisema. Harun akatega sikio, kwa kuwa hakujua safari ile itaishia wapi.