Bawa la Juu

Kwenye karakana ya Kizota nilikokuwa nikigonga ndoo za bati, kazi ilipungua tangu ndoo za plastiki zilipoanza kujaa madukani. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, wazazi walipofariki, ili niwalee wadogo zangu wawili. Mmoja shangazi alishamchukua akaishi naye kijijini Zuzu. Aliyebaki, wa kike, wa miaka kumi, kikao cha ukoo kiliamua aende Chemba kwa baba mdogo. Tulikuwa tukila mlo mmoja kwa siku.

Wiki ya mwisho kabla hajaondoka, mimi naye tulikuwa tunaunda ndege ya mfano. Niliipata kwenye mitumba, vipande vya plastiki ndani ya boksi lililopasuka: ndege ya kijeshi ya zamani, mabawa mawili, moja juu ya jingine, tumbo kama mtumbwi la kutua majini, na magurudumu ya kutua nchi kavu. Nguzo za kubeba bawa la juu hazikuwemo. Nilizitengeneza kwa waya, nane, nikazipachika kwa gundi ya fundi viatu.

Jumamosi tukaweka bawa la juu. Mdogo wangu alishika upande mmoja, mimi mwingine, maana ukiachia mapema linalala upande. Ndipo baba mdogo akapiga hodi.

"Shikamoo, baba," tukasema bila kuinuka.

"Marahaba. Mbona mmeganda hivyo?" Akachuchumaa. "Hiki ni nini, ndege au mtumbwi?"

"Vyote," mdogo wangu akasema.

"Basi hakijaamua. Na Dodoma hii kitatua kwenye maji gani?"

"Kwenye ndoo za kaka. Si haziuzwi!"

Akacheka mpaka akafuta macho. "Nenda kafunge mfuko wako, mama. Nitashika mimi."

Akaweka vidole vyake vipana palepale, taratibu, kama anayeshika ndama aliyezaliwa leo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Hata maneno nilishayapanga. Lakini mtu amekushikia bawa, utamwambia nini? Tukabaki uso kwa uso, mimi nikiomba gundi isikauke.

"Atasoma," akasema bila kuniangalia. "Hilo usiwe na wasiwasi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Jua letu halicheleweshi gundi. Akatoa kidole kimoja, kisha cha pili. Bawa halikusogea.

"Limeshika," akasema, akainuka.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni tayari, viatu mguuni. Mimi nilikuwa bado sijaachia.